Sosi ya kotimiri na ndimu inakuwa chungu na kupoteza rangi, nakosea wapi?

Binti wa Muheza
Wadau, habari za jioni. Naombeni msaada. Mama yangu yuko kwangu tangu mwezi uliopita, presha ilimpanda na daktari amemwambia apunguze chumvi. Mayonezi na sosi za chupa nimeziondoa mezani. Sasa saladi bila kitu cha kuchangamsha mdomo mama haili, anaichokonoa tu kisha anasogeza sahani.

Nikaamua kutengeneza mwenyewe. Fungu zima la kotimiri, nanaa kidogo, ndimu nne, punje mbili za kitunguu saumu, nusu kikombe cha mafuta ya zeituni na chumvi ya kubana kwa vidole. Vyote kwenye blenda mpaka laini kabisa. Ikitoka inapendeza, kijani kibichi. Baada ya saa mbili imekuwa rangi ya majani makavu, mafuta yamepanda juu, na ina uchungu unaong'ang'ania kooni. Nimerudia mara tatu, hata ndimu nimebadilisha. Nakosea wapi?

Mpishi wa Zamu
Pole sana dada. Ndimu usizilaumu, huo uchungu wa kooni ni wa mafuta. Zeituni isiyosafishwa ikipigwa na blenda kwa kasi hutoa ukali ambao ukiionja kwa kijiko huusikii hivyo. Jikoni kwetu hotelini tuliwahi kumwaga beseni zima kabla hatujagundua. Saga majani na maji ya ndimu peke yake, mimina kwenye bakuli, mafuta yaingize mwishoni kidogo kidogo ukipiga kwa mchapo, ule wa kupigia mayai. Ukitaka kusaga vyote pamoja, tumia alizeti.

Na ndimu zichuje mbegu. Mbegu iliyosagwa ni chungu vilevile.

Mama Wawili
Mimi blenda kwenye majani sitii. Kisu kikali, na majani yawe yamekauka maji ya kuoshea. Kisu butu kinayaponda, yanatoka maji na kuwa meusi ubaoni hapohapo.

Kuhusu rangi mwanangu, ndimu yenyewe ndiyo inayoua kijani. Ukiyalaza majani ndani ya ndimu saa mbili, lazima yafifie. Tengeneza ndimu na mafuta ukaweke kwenye chupa, majani katakata wakati sahani ziko mezani. Kama lazima iwe laini, chovya kotimiri kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 10 hivi, itupe kwenye maji ya barafu, kamua, ndipo usage. Rangi itavumilia zaidi, ila harufu inapungua kidogo. Nanaa mimi siichovyi, harufu yake ndiyo naitaka.

Binti wa Muheza
Asanteni mno. Na mafuta kupanda juu? Halafu chumvi naogopa kuongeza, lakini bila chumvi imepooza.

Kijiko cha Chai
Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Itie kwenye maji ya ndimu kwanza, koroga mpaka isionekane, ndipo vingine vifuate. Hapo chumvi ileile kidogo utaisikia kila tonge.

Mafuta kujitenga ni kawaida yake. Kijiko cha chai cha haradali kinasaidia kuyashika, lakini ya kopo ina chumvi, hivyo kwa mama saga mbegu zake mwenyewe. Kipimo wengi huanza na vijiko vitatu vya mafuta kwa kijiko kimoja cha maji ya ndimu. Mimi huchanganya ndimu na chungwa nusu kwa nusu, ukali unapungua na vijiko viwili vya mafuta vinatosha. Muheza machungwa hamkosi!

Mzee wa Ngamiani
Jaribu danzi, lile chungwa chungu, binti yangu. Pwani ndilo tulilokuwa tukikamulia samaki na kachumbari. Lina harufu ambayo chungwa halina.

Dawa na Chakula
Shikamoo mzee. Ladha ya danzi sina ubishi nayo, ila kwa mgonjwa huyu tusubiri. Balungi hugongana na baadhi ya dawa za presha, huzifanya zizidi nguvu mwilini, na danzi lina viini vya aina hiyohiyo. Dada, onyesha dawa za mama kwa mfamasia kwanza. Chungwa tamu la kawaida halina shida hiyo.

Jambo jingine: kitunguu saumu kibichi kikizama kwenye mafuta usikiache kabatini. Humo ndani hakuna hewa, na sumu inayoweza kuzaliwa humo haina harufu wala rangi. Weka kwenye friji, ndani ya siku tatu iwe imeisha. Zeituni ikiganda kwa baridi, itoe mapema, itayeyuka yenyewe.

Mzee wa Ngamiani
Marahaba. Hilo sikulijua, asante kwa kutuwahi.

Binti wa Muheza
Nimerudi. Leo mchana: ndimu mbili, chungwa moja, chumvi kwanza, haradali ya kusaga, zeituni kwa mchapo, kotimiri na nanaa kwa kisu tukiwa tumeshakaa mezani. Nimemimina juu ya matango, nyanya na parachichi. Mama amemaliza, kisha akafuta bakuli kwa kipande cha mkate. Mara tatu za mwanzo hakusema kitu, leo ameuliza kama kesho ipo.

Danzi nimeliacha. Jumanne tuna kliniki, nitabeba dawa zote nikaulize.