Wanataka sadaka zetu na picha zetu, imani yetu wanaiita "utamaduni"

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Uzi ni mrefu, unahusu Kanisa la Uingereza na sala zake za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, na nimeuandika nikiwa na hasira, asiyependa mambo ya kanisa apite tu.

Mimi ni Mwanglikana wa Muheza. Nimebatizwa Magila, nimekua na ubani, kengele na kupiga goti. Huku Uingereza nina miaka 14, nipo mji mmoja wa katikati ya nchi, kazi yangu kulea wazee. Kanisa ninalosali silitaji. Jumapili tukijaa sana hatufiki 50, na zaidi ya nusu ni Wanigeria, Wakenya, Wahindi wa Kerala na sisi Watanzania familia mbili. Paa lilipovuja tulichanga. Mke wangu alipigwa picha amevaa kitenge, ikawekwa ukurasa wa mbele wa jarida la parokia bila hata kuulizwa.

Mwezi uliopita baada ya misa kulikuwa na mkutano wa waumini. Nikanyoosha mkono. Swali nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi usiku wa kuamkia siku ile nikiwa zamu, nisije nikakosea Kiingereza. Nikauliza: hizi sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja zimeanza kutumika hapa kwetu kwa idhini ya nani, na kwa nini waumini hatukuulizwa? Ukumbi ukawa kimya. Mzee wa kanisa, mama ambaye nakunywa naye chai kila Jumapili, akanitazama kwa ile huruma ya kumtazama mtoto aliyejikojolea, akasema: "Tunaelewa, ninyi kwenu mna utamaduni tofauti." Wenzake wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Tukahamia bei ya gesi.

Muhtasari wa kikao ulipotoka nikausoma mara mbili. Bei ya gesi imepewa aya mbili nzima. Mimi nimeandikwa hivi: "Mjumbe mmoja alitoa maoni." Basi. Jina hakuna, swali hakuna.

Utamaduni wa nani? Wazee wangu wa Kibondei hawakuzaliwa na Kitabu cha Sala. Walikuwa na mizimu yao, na mwenye uwezo alikuwa na wake watatu, wanne. Aliyekuja kuwaambia kwamba ndoa ni mume mmoja na mke mmoja hadi kifo ni Mwingereza wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana iliyotoka vyuo vikuu vya Uingereza. Kwa neno lile watu waliacha wake waliozaa nao, nyumba zikavunjika, wengine wakatengwa na koo zao. Walilipia fundisho hilo. Leo wajukuu wa waliotufundisha wanatuambia lilikuwa ni mila zetu za Kiafrika!

Nendeni Mkunazini, Zanzibar, mkaone. Kanisa lile limesimama kwenye uwanja wa soko la watumwa, ujenzi ulianza 1873, na Askofu Edward Steere amezikwa humohumo nyuma ya altare. Ndiye aliyetutafsiria Agano Jipya na sala kwa Kiswahili. Na Frank Weston, askofu wa Zanzibar aliyekuja baadaye, mwaka 1915 alitangaza kuvunja ushirika na askofu wa Hereford, hukuhuku Uingereza, kwa sababu alimpa ukanoni, yaani cheo kwenye kanisa kuu, msomi aliyekuwa anatilia shaka mafundisho ya msingi. Zanzibar ikaifungia mlango Hereford! Hakuna aliyemjibu Weston kwamba ana utamaduni tofauti. Alikuwa Mzungu aliyesoma Oxford. Hoja yangu ni ileile ya Weston, rangi ndiyo imebadilika.

Tuje kwenye kura. Mkutano wa Lambeth wa 1998 maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walipiga kura 526 kwa 70 kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke na kwamba miungano ya jinsia moja haibarikiwi. Azimio hilo halijafutwa hadi leo. Halafu Februari 2023 Sinodi Kuu, yaani bunge la Kanisa la Uingereza, ikakaa London ikapitisha hoja ya kuzikaribisha sala hizi: maaskofu 36 kwa 4, mapadre 111 kwa 85, walei (waumini wa kawaida) 103 kwa 92. Tazameni hiyo ya walei. Sita tu wangegeuka, hoja ingeanguka. Kwa walei sita wa nchi moja wameitikisa jumuiya ya Waanglikana ya dunia nzima, na ilipofika tarehe 20 mwezi uleule maaskofu wakuu kadhaa wa nchi za Kusini mwa dunia walishasema hawamtambui tena askofu mkuu wa Canterbury kama kiongozi wa jumuiya.

Nyuma yake kuna siasa, na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Siku chache baada ya kura ile, Justin Welby, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury wakati ule, akiwa Ghana alisema mwenyewe kwamba aliitwa bungeni mara mbili na kutishiwa kuwa Bunge litachukua hatua kulilazimisha kanisa lifungishe ndoa za jinsia moja. Askofu mkuu anaitwa na wabunge kama mwanafunzi anayeitwa ofisi ya walimu! Lakini mnategemea nini, wakati jina la askofu linapita mezani kwa waziri mkuu kabla ya kufika kwa mfalme, na maaskofu 26 wana viti vyao Bunge la Malodi? Keir Starmer, aliyeingia kuwa waziri mkuu 2024, amesema wazi haamini kuwa kuna Mungu. Simlaumu kwa hilo, ni dhamira yake. Nawalaumu maaskofu wanaoona afadhali wapoteze Uganda na Nigeria kuliko kupoteza kile kiti chekundu cha Malodi.

Huo woga haukuanza juzi. Machi 2020 serikali ilipofunga makanisa kwa sababu ya korona, sheria ilimwacha padre aingie kanisani kurusha ibada kwa mtandao. Maaskofu wakaenda mbele ya sheria wakawakataza mapadre wao hata kuingia peke yao kusali. Maduka ya pombe yalikuwa wazi. Pasaka ile Welby aliadhimisha misa jikoni kwake. Mimi siku hiyo nimetoka zamu ya masaa 12 kwenye nyumba ya wazee iliyokuwa na maiti, nikafungua simu nipate Neno, namwona askofu mkuu kwenye meza ya jikoni. Nililia, nawaambia ukweli.

Kuna bibi mmoja namlea, ana miaka 91. Amesahau majina ya wanawe. Ila jioni nikimgeuza kitandani nikianza "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu" kwa Kiswahili, yeye anaitikia kwa Kiingereza cha zamani, mstari kwa mstari, mpaka mwisho, bila kukwama. Hajui neno hata moja la Kiswahili, anaijua sauti ya zaburi. Hiyo ndiyo Uingereza iliyotuletea dini. Tarehe 20 Juni 2025 wabunge wa nchi yake walipiga kura 314 kwa 291 kupitisha muswada wa kuwasaidia wagonjwa mahututi kujiua. Siku tatu kabla yake walikuwa wamepitisha, 379 kwa 137, kwamba mwanamke asishtakiwe kwa kutoa mimba yake mwenyewe, hata ikiwa imekaribia kuzaliwa. Wiki moja hiyo! Wanaoanza uhai na wanaoumaliza, wote wameguswa.

Na nisiwaonee, kwenye muswada wa kifo maaskofu walipinga, Sarah Mullally, askofu wa London wakati ule, akiwa mmoja wao, na alikuwa muuguzi kabla ya upadre, anajua anachosema. Hapo nampa haki yake yote. Lakini nani atawasikiliza? Miaka nenda rudi wameifundisha nchi hii kwamba kanisa likibanwa kidogo linalegea, sasa wanashangaa wakibanwa na hili pia.

Msidhani nafunika ya upande wetu. John Smyth, yule wakili aliyewachapa vijana viboko hadi damu, alikuwa mhafidhina, alijiita mtu wa Biblia. Viongozi wa kikanisa waliandikiwa ripoti 1982, hawakwenda polisi, na 1984 akahamia Zimbabwe akafungua kambi za vijana. Mwaka 1992 mtoto wa miaka 16 alikutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea la kambi yake. Kwa vijana wa Uingereza alionekana hafai, kwa watoto wa Afrika akaonekana anafaa. Welby alitangaza kujiuzulu Novemba 2024 kwa sababu ya uzembe kwenye kesi hii. Ukiniuliza, dharau iliyomwachia Smyth aende Harare ni dharau ileile ya "kwenu mna utamaduni tofauti". Sisi ni watu wa kupelekewa. Kusikilizwa si fungu letu.

Oktoba 3, 2025 wakamtangaza Mullally kuwa askofu mkuu wa Canterbury. Mimi wa mapokeo ya UMCA siwezi kumpokea mwanamke kama askofu, na naomba nisitukanwe kwa hilo, ndivyo Steere na Weston walivyotufundisha na ndivyo ninavyoamini. Pia ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kusukuma zile sala. Haikuisha wiki mbili, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda akatangaza kwa niaba ya GAFCON, umoja wa Waanglikana wahafidhina duniani, kwamba hawaitambui tena Canterbury wala mikutano yake. Huku magazeti yakaandika ni Waafrika wamejitenga. Tumejitenga kutoka wapi? Sisi tupo palepale tulipoachwa na wamisionari.

Najua mtaniambia hama. Roma? Marehemu baba yangu amezikwa Magila, sihami kanisa kwa sababu ya kikao kimoja. Nimesikia kuna parokia hukuhuku ndani ya Kanisa la Uingereza zilizo chini ya maaskofu maalumu wa wanaoshika mapokeo, kama yule wa Oswestry. Aliye karibu na Leicester, Nottingham au Coventry na anasali parokia ya namna hiyo naomba aniambie misa ni saa ngapi na basi lipi linafika Jumapili. Sina gari.

Mchango wangu wa kila mwezi nimekwenda benki nimeusimamisha. Picha ya mke wangu nimeomba iondolewe kwenye jarida. Na nimempelekea katibu barua, nikaambatisha ile karatasi yangu ya zamu ya usiku, nikamwomba asahihishe muhtasari: aandike jina langu na swali langu kama nilivyoliuliza. Wiki ya tatu hii, hajajibu.