Naomba ushauri: ethnografia katika wodi ya wazazi, au nirudi kwenye dodoso?

Muuguzi_wa_Uyole: Wakuu, habari za baridi. Ninasoma shahada ya uzamili ya uuguzi hapa Mbeya na nimebakiwa na miezi minne. Ninataka kuchunguza jinsi ndugu wanavyoshiriki kumhudumia mzazi wodini kwa njia ya ethnografia, yaani kukaa, kutazama, kusikiliza na kuandika, ilhali msimamizi wangu anasema dodoso lingetosha. Usingizi umenipaa. Nishike lipi?

Mzee_wa_Takwimu: Shika dodoso, mdogo wangu. Mimi nilizunguka Makambako na madodoso mia mbili kwenye pikipiki ya kuazima, mvua ikanikuta, nikayaanika juu ya magunia ya viazi, na bado nikawahi kumaliza kuliko wenzangu.

Binti_Tukuyu: Mzee, hakuuliza habari za pikipiki. Dodoso litamwambia ni wangapi walioleta uji. Halitamwambia kwa nini bibi husubiri muuguzi ageuke ndipo aumimine. Madeleine Leininger, muuguzi wa Marekani aliyesomea pia anthropolojia, alikwenda kuishi na Wagadsup wa Papua New Guinea ili ajue wao wenyewe wanaelewa nini kwa neno kuuguza. Hapa kwetu Rungwe, wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson, mke na mume, walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Kwa hiyo miezi minne ni kidogo, ila kwa wodi moja inawezekana. Dada, wodini unaingia kama nani?

Muuguzi_wa_Uyole: Kama mtafiti.

Binti_Tukuyu: Hujajibu. Unafanya kazi hapo?

Muuguzi_wa_Uyole: Ndiyo, ninaongoza zamu ya usiku. Na kwa kuwa mmenibana, nimekwisha kujaza madaftari mawili tangu Machi, kibali cha maadili kikiwa bado. Sikuandika jina la mtu yeyote. Ningewaambia, wangebadilika, kama wale wafanyakazi wa kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, wanaosimuliwa kwamba waliongeza bidii kwa kuwa walijua wanatazamwa.

Sista_Mstaafu: Mwanangu, mama mwenye uchungu anakuvulia nguo kwa sababu wewe ni muuguzi, hakuvulii mwandishi. Watu wakizoea kutazamwa hurudia mwenendo wao, na ndiyo maana mtafiti wa namna hii hukaa muda mrefu. Hakai muda mrefu ili ajifiche. Tena wauguzi walio chini yako watakukatalia vipi, na wewe ndiye unayewapangia zamu? Omba kibali, wodi iwe nyingine, na uyaweke kando madaftari hayo, kwani yaliyoandikwa kabla ya ridhaa si data yako.

Muuguzi_wa_Uyole: Shikamoo mama. Wodi nyingine hawanijui, nitaanza upya kuzoeleka. Na madaftari siyachomi.

Mdadisi_Iringa: Uzi huu umetungwa. Usiku ndugu hawaruhusiwi wodini, sasa huyo bibi alipitia dirishani? Tena Binti_Tukuyu amemjuaje kabla hajatajwa? Huyu ni mhadhiri mwenye majina mawili, anatupima kwa swali la mtihani.

Binti_Tukuyu: Kila wodi ina bibi wa uji, kaka. Hujawahi kuuguza.

Muuguzi_wa_Uyole: Ndugu huingia saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijakabidhi zamu. Chupa yake ni nyekundu, kizibo amekizungushia kipande cha kitenge, na uji ulinuka majani mabichi. Niliandika hayo kwenye boksi tupu la glovu, kwa kuwa daftari lilikuwa kwenye mkoba.

Mdadisi_Iringa: Boksi la glovu nimelikubali. Mhadhiri asingelifikiria.

Sista_Mstaafu: Majani gani? Yapo yanayoongeza uchungu hadi kizazi kikachanika. Hilo hukupaswa kulitazama tu.

Muuguzi_wa_Uyole: Nilimuuliza, mama. Akanijibu kwa Kinyakyusa, wodi nzima ikacheka, nami si wa huku. Nilimwaga uji, nikaandika kwamba walicheka.

Binti_Tukuyu: Neno lenyewe uliliandika?

Muuguzi_wa_Uyole: Sikuliandika.