Kuseti kabureta za pikipiki ya zamani iliyobadilishwa: wa Mtwara na Lindi tupeane uzoefu

Mdau wa Shangani

Wakuu, heshima kwenu. Pikipiki za miaka ya 70 zimeanza kuonekana tena huku kwetu kusini, na nyingi hazirudi barabarani kama zilivyotoka kiwandani. Mtu anapata Honda au Yamaha ya silinda mbili, anatoa boksi la hewa, anafunga filta za koni, anakata ekzosi, anashusha usukani. Picha inapendeza. Akiwasha ndiyo balaa: inakohoa, inapiga mabomu kwenye ekzosi akiachia resi, bomba moja la moto na jingine vuguvugu. Anazunguka kwa mafundi na kila fundi anageuza skrubu yake.

Naomba uzi huu uwe wa waliokaa wenyewe na kabureta hizo mpaka zikakubali. Taja chombo, umebadilisha nini, kilisumbuaje na dawa ilikuwa nini.

Naanza. Changu ni Yamaha XS650, cc 653, kabureta mbili za Mikuni BS38. Hizi ni kabureta za mvuto. Ukivuta resi unafungua kipepeo tu (kibati kinachoziba njia ya hewa), halafu mvuto wa injini ndio unaoinua pistoni ya kabureta kupitia diaframu ya mpira. Boksi la kiwandani lilikuwa linaituliza hewa kabla haijafika pale. Ukiliondoa, hewa inaingia nyingi na kwa fujo, petroli inabaki ileile, na injini inaungua na njaa. Hilo si jambo la kupuuza. Injini yenye petroli kidogo huchemka, na ikichemka sana inatoboa pistoni.

Kilichonisaidia ni kujua nani anafanya kazi wakati gani. Kuanzia sailensa (injini ikiunguruma bila kuvuta resi) hadi robo ya resi ni jeti ndogo na skrubu yake; jeti ni kile kipande chenye kitundu kinachopima petroli. Robo hadi robo tatu ni sindano inayopanda na kushuka pamoja na pistoni ya kabureta. Kutoka hapo mpaka mwisho ni jeti kubwa. Nilibandika plasta ya umeme kwenye mshiko wa resi, nikachora alama za robo, nusu na robo tatu, kisha nikatoka asubuhi barabara ya Mikindani kabla magari hayajawa mengi. Sikusikiliza "inasumbua", nilisikiliza inasumbua kwenye alama ipi. Resi ikiwa mwisho ilisita, nikirudisha kidogo ikavuta vizuri. Ishara hiyo ni jeti kubwa haitoshi. Nikapanda saizi mbili, kusita kukaisha.

Mabomu wakati wa kuachia resi yalitoka kwenye jeti ndogo. Nilipanda saizi moja, yakapungua sana, na yaliyobaki yakaisha nilipobadilisha gasketi ya ekzosi iliyokuwa inavuta hewa pale kichwani.

Plagi nilisoma hivi: plagi mpya, resi mwisho kwa kipande kirefu cha barabara tupu, zima injini papohapo huku umekamata klachi, simama, fungua. Ukiirudisha nyumbani kwa sailensa utasoma rangi ya sailensa, si ya resi. Kahawia ya kawaida ni salama, nyeupe ni njaa, nyeusi yenye masizi ni petroli imezidi.

Fundi wa Chuno

Mkuu umeeleza vizuri, ila kuna hatua za kabla ya hapo. Mtu asiguse jeti kabla hajapima tapeti (nafasi za valvu), taiming (wakati wa cheche) na pointi (zile zinazokata umeme wa cheche). Nimeletewa pikipiki nyingi zinazoitwa "kabureta mbovu" ambazo valvu zilikuwa zimebana tu.

Halafu hewa ya wizi. Kati ya kabureta na kichwa kuna mpira, na mpira wa miaka 50 uliokaa juani huku pwani hupasuka nyufa ndogo usizoziona mpaka uukunje kwa mkono. Dalili yake: unaachia resi, sailensa inabaki juu, inashuka taratibu kama haitaki. Mimi nachukua chupa ya kupulizia nywele, natia maji, injini ikiwa sailensa napulizia kuzunguka ule mpira. Mlio ukibadilika, hapo panavuja. Usipulizie petroli, ekzosi iko hapohapo.

Yakishakamilika hayo ndiyo tunakuja kwenye kulinganisha, na hapa ndipo wenye kabureta mbili wengi wanapopoteza mwelekeo. Hata ukiwa na jeti sahihi kabisa, kama kabureta moja inafungua mapema kuliko mwenzake, silinda moja inamburuta mwenzake, na utabadilisha jeti mpaka uchoke.

Geji za mvuto ni ghali na hapa mjini si rahisi kuzipata. Mimi natumia mpira wa levo, ule mwangavu wa mafundi ujenzi. Naufunga kwenye ubao wima kwa umbo la U, natia oili ya tustroki (ile inayochanganywa na petroli) kiasi cha nusu, ncha moja naichomeka kwenye tundu la mvuto la kabureta ya kushoto, ya pili kulia. Oili na si maji, kwa sababu injini ikiinyonya itaungua itoe moshi tu, ila maji hayana kazi ndani ya silinda. Kila ncha nabana njia kwa kuingiza jeti kuukuu, la sivyo oili inarukaruka na huwezi kusoma kitu.

Washa injini ikiwa tayari imepata moto. Oili itapanda upande wenye mvuto mkubwa, na huo ndio upande ambao kipepeo kimefunga zaidi. Fungua huo kidogo au funga wa pili, ngoja itulie, tazama tena. Sawazisha kwanza kwenye sailensa kwa skrubu za sailensa, kisha vuta resi kidogo uangalie tena. Kama kila kabureta ina waya wake, hapo unarekebisha waya. Oili ikibaki sawa sailensa na resi, umemaliza. Muda wote wa kazi hiyo weka feni mbele ya injini, maana hizi hupozwa na upepo na zikisimama muda mrefu zinachemka.

La mwisho: jua skrubu yako iko wapi. Ikiwa upande wa filta, hiyo ni ya hewa, ukiifungua unapunguza petroli. Ikiwa upande wa injini, ni ya petroli, ukiifungua unaongeza. Vijana wengi wanageuza kinyume halafu wanalaumu jeti.

Mwana Newala

Mnjomba Fundi, asante sana kwa mpira wa levo, leo leo naenda kuutafuta.

Mimi niko huku juu uwandani, na nina Yamaha DT125 ya zamani ya tustroki, kabureta moja, ekzosi si ya kwake. Nataka kuongezea jambo la mlima. Hewa hupungua takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 unazopanda. Chombo kilichosetiwa Mtwara mjini kando ya bahari, kikifika Newala kinakuwa kimezidisha petroli: kizito, moshi mwingi, plagi inalowa. Kabureta za mvuto hujirekebisha kiasi fulani, ila za pistoni ya kuvutwa na waya kama yangu haziwezi.

Nilifungua nikahamisha kibanio cha sindano ngazi moja juu. Kibanio kikipanda sindano inashuka na petroli inapungua. Ikaamka. Lakini wenye tustroki nisikilizeni kwa makini: ukiteremka Mtwara, rudisha kibanio. Hewa ya chini ni nzito, petroli itakuwa haitoshi, na tustroki yenye njaa inakamata pistoni ukiwa mwendo kasi. Msimu wa korosho nashuka mara kwa mara, na kibanio narudisha nikiwa bado huku juu, sisubiri kufika.

Pwani Mikindani

Huku kwetu adui ni chumvi na kusimama. Pikipiki ikikaa wiki kadhaa barazani, bakuli la kabureta linaota unga mweupe na jeti ndogo inaziba. Tundu lake ni dogo kuliko la sindano ya kushonea. Msichokonoe kwa waya wa chuma, jeti ni shaba laini, tundu likipanuka namba iliyoandikwa pale inakuwa uongo. Mimi natumia mshipi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba kabisa. Unapita, unasafisha, haukwaruzi. Kisha upepo wa kompresa.

Na kama chombo kitasimama, funga koki ya petroli, fungua skrubu ya chini ya bakuli, mwaga yote.

Lindi Mjini

Mimi sina makubwa. Honda CG125, injini iliyoanza 1976 na ambayo bodaboda nyingi za Kichina zimeiga. Kabureta yake ilikuwa imelika, pistoni inacheza ndani. Nikafunga PZ26 ya bodaboda, nikaseti skrubu, kazi ikaisha. Spea ziko kila duka. Kwa silinda moja msijitese.

Kijana wa Nachingwea

Shikamoo Fundi. Nina Honda CB350 ya silinda mbili, filta za koni, inakosa nguvu resi ikifika mwisho. Jeti za saizi nyingine sipati. Kuna fundi anasema anitobolee zilizopo kwa drili ndogo. Nimruhusu?

Fundi wa Chuno

Marahaba mwanangu. Usimruhusu. Drili haiachi tundu laini na jeti mbili hazitatoka sawa, kwa hiyo utakuwa umeleta tatizo la kulinganisha ambalo mpira wa levo hautalimaliza. Na ukikosea huna pa kurudi, jeti ya zamani umeshaiua.

Kama boksi la hewa bado unalo, lirudishe kwa muda uone. Nguvu ikirudi, umejua ugonjwa ni hewa, na unaweza kulibakiza mpaka jeti zipatikane. Ukiagiza Dar, usiagize saizi moja. Agiza jozi tatu zinazofuatana, anza na kubwa kuliko zote kisha shuka, maana kuzidisha petroli kutachafua plagi lakini hakutoboi pistoni. Kabureta za CB350 ni Keihin, jeti za Mikuni usizifunge hata kama uzi wake unaonekana kukubali, namba zao hazipimwi kwa kipimo kimoja.

Fungua pia kofia za juu utazame zile diaframu dhidi ya mwanga wa jua. Tundu dogo kama la pini linatosha pistoni isipande mpaka mwisho, na dalili yake ni hiyohiyo unayoieleza. Zitazame kabla hujatuma hela ya jeti.