Tupeane uzoefu: Uliyewahi kulala koma, ulijua kwamba unaota?

Mwenye mada, Bukavu

Ndugu zangu, jambo hili limenikaa moyoni, naomba tuongee bila woga. Mdogo wangu aligongwa na gari kwenye mteremko wa Kadutu akiwa kwenye pikipiki. Kichwa kiliumia, madaktari wakamlaza koma kwa dawa ili ubongo upumzike. Alipoamka na sauti ikamrudia, alitusimulia kwamba alikuwa ndani ya boti ya Goma. Boti inapita kisiwa cha Idjwi, halafu inapita Idjwi tena, na tena. Akajiambia, "Hii ni ndoto, mimi niko nalala." Alitaka kuruka majini ili aamke, miguu ikakataa.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama anasema roho ilikuwa safarini. Mchungaji anataka atoe ushuhuda. Mimi nataka kujua kama mtu aliye koma anaweza kuota na akajua anaota.

Nimesoma. Ndoto ya kujua unaota imepimwa kwa watu wenye afya. Mwaka 1975 kule Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alinasa ishara za macho alizokubaliana na mtu kabla hajalala. Stephen LaBerge wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, naye akaonyesha jambo hilohilo. Mwaka 2021 maabara za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi ziliwauliza maswali watu waliokuwa katikati ya ndoto. Mmoja aliulizwa 8 toa 6, akajibu 2 kwa kuchezesha macho. Lakini hao wote walikuwa usingizini, kile kipindi macho yanapokimbia chini ya kope. Mtu wa koma kamili hana zamu za kulala na kuamka, hata umfinye hafungui macho. Sasa ndoto ya mdogo wangu ilimjia wakati gani? Waliopitia, semeni. Na waliouguza pia.

Motari wa Essence

Pole sana kaka. Mimi sikufika koma, nilivunjika mguu, wakanichoma ketamini, dawa ya usingizi na maumivu, warudishe mfupa. Dari lilifunguka nikaona nyota mchana. Daktari namsikia anaongea, lakini kama yuko ng'ambo ya ziwa. Na ndani yangu kuna sauti tulivu inasema, "Ni dawa hii, itapita." Nilijua wazi kabisa. Nilichoshindwa ni kubadilisha chochote. Kwa hiyo mdogo wako namwamini, ila ningeuliza kwanza alipewa dawa gani.

Mama Neema, Bagira

Mimi sikuota kitu. Presha ilipanda wakati wa kujifungua, nikashikwa na kifafa cha mimba, nikazimika. Nakumbuka uchungu, halafu namuona mama mkwe amembeba mtoto amevikwa kofia ya njano. Katikati hakuna kitu. Siwezi hata kusema ni giza, maana giza unaliona. Watu waliniuliza sana niliona nini huko, mpaka nikaona haya kuwajibu kwamba sikuona. Naandika hapa ili wenzangu wasiokumbuka kitu wajue hawako peke yao.

Muuguzi wa mahututi

Mama Neema, asante kwa kusema hivyo. Ninaowaona wakiamka, wengi wako kama wewe. Wanaokumbuka, mara nyingi ndoto zao zinaelekea kuwa za siku zile tunapopunguza dawa. Hapo mtu hajaamka na hajazama, na mambo ya chumbani yanaingia ndotoni yakivaa nguo nyingine. Mwenye mada, fikiria: mashine ya kupumulia inasukuma hewa kwa mdundo uleule, usiku na mchana. Mgonjwa tunamfunga mikono, wakati mwingine hata miguu, asing'oe mpira wa kooni. Boti isiyofika na miguu inayokataa, mimi sishangai.

Jambo la pili, tusichanganye koma na hali inayoweza kuifuata. Koma yenyewe mara nyingi haipiti wiki chache. Baada yake kuna wanaofungua macho na bado hawajibu. Mwaka 2006 mtafiti Adrian Owen na wenzake walimweka dada mmoja wa hali hiyo, mwenye miaka 23, ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakamwambia awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea vyumbani kwake. Ubongo ukaitika kama wa mtu mzima wa afya. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine: kati ya wagonjwa 241 wasioitika kitandani, 60 ubongo wao ulifuata maagizo. Hapo hatuongelei ndoto. Ni mtu yuko macho na mwili umemgomea. Ndiyo maana nikisikia ndugu wanapanga mazishi kando ya kitanda, nawatoa nje.

Wa Katuba, Lubumbashi

Muuguzi, hilo la mwisho liliwahi kutokea kwetu. Mzee wetu sukari ilishuka vibaya, akazimika. Wajomba wakaanza kubishana juu ya kiwanja palepale, kwa sauti ya chini. Alipozinduka akamwita baba mdogo: "Kile kiwanja hakiuzwi." Tulibaki midomo wazi. Anasema alijiona yuko kwenye kikao chini ya mwembe na watu wanamgawia mali yake. Lakini yeye hakujua ni ndoto. Kwake kilikuwa kikao kweli, na hadi leo kuna mjomba hasalimiani naye vizuri.

Mwenye mada, Bukavu

Nimerudi kwa mdogo wangu. Alama za kufungwa bado ziko kwenye vifundo vya miguu, hatukuwa tumeziuliza. Nikamwuliza pia, kule kujua kwamba ni ndoto kulianza lini? Anasema safari za mwanzo hakujua, alikuwa abiria tu. Alijua aliposikia anaitwa jina lake la nyumbani, lile ambalo ni mimi na mama tunalitumia, na kwenye boti hakuna anayemjua. Kwa hiyo naona kujua kulimjia akiwa anapanda juu, dawa zinaisha. Mama hakubaliani nami na sitamlazimisha. Bado namtafuta mtu aliyezama bila dawa yoyote akajua ndani yake kwamba anaota. Kama yupo, aandike.

Muuguzi wa mahututi

Ukimpata, mwulize ndoto yake aliiandika lini. Ninyi wenye wagonjwa wanaozinduka sasa hivi, chukueni daftari, mwacheni aseme yote kabla hamjamsimulia ajali, nani alilia, nani alikuja. Mkishamsimulia, baada ya juma moja atayakumbuka ya kwenu kama yake. Na akisema sisi wauguzi tulitaka kumuua, msimkatalie kwa ukali wala msiogope. Wengi wanaota hivyo. Mwambieni yuko hospitali, mwambieni ni siku gani, na mtu anayemfahamu abaki karibu usiku.