Skima ya tangi la maji chumvi imepungua povu na pampu inanguruma, nianzie wapi kuisafisha?

Chewa

Habari zenu wakuu,

Nina tangi la maji chumvi la lita 300 hivi, lina matumbawe laini na samaki wachache, skima (kifaa cha kutoa uchafu majini kwa povu) imekaa ndani ya sampu (tangi dogo la kuchujia). Ilikuwa inapiga kazi kwelikweli: viputo vidogo mno mpaka maji ndani ya chumba chake yanakuwa meupe kama maziwa, na kikombe kinajaa uchafu mweusi unaonuka.

Sasa hali imebadilika. Povu linapanda hadi katikati ya shingo, linashuka. Viputo vimekuwa vikubwa na vichache. Pampu inanguruma, na nikiizima wakati wa kulisha samaki halafu nikaiwasha, kuna wakati inatetemeka tu bila kuzunguka mpaka niiguseguse. Nikiweka kidole kwenye mdomo wa mpira wa hewa nasikia mvuto, lakini hafifu.

Kikombe na shingo nasafisha mara kwa mara. Pampu yenyewe ina zaidi ya mwaka na haijawahi kufunguliwa. Kuna mtu ameniambia niitupe ninunue nyingine, ila nataka kwanza nijue kama tatizo ni uchafu au ni uchakavu. Naanzia wapi? Natumia siki au kitu gani? Na skima ikizimwa kwa saa kadhaa, samaki hawatapata shida?

Nawasilisha.

Kasa Mzee

Mkuu Chewa, usikimbilie kufungua pampu. Dalili ulizotaja ni za matatizo mawili na watu wengi huyachanganya. Viputo vikubwa na vichache, hilo ni la hewa. Pampu kutetemeka bila kuzunguka, hilo ni la impela (kile kizungushio chenye sumaku ndani ya pampu). Inawezekana unayo yote mawili, lakini hewa ndiyo ya kuangalia mwanzo kwa sababu ni kazi ya dakika chache na hufungui kitu.

Hewa inaingia kwenye pampu kupitia tundu dogo sana. Pale ndipo hewa kavu inapokutana na matone ya maji chumvi. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Kila siku inaongezeka punje, tundu linabana, na wewe huoni chochote kwa nje kwa sababu linaziba polepole. Skima nayo inategemea viputo tu: mabaki ya chakula na kinyesi yaliyoyeyuka majini hunata pale maji yanapokutana na hewa, kwa hiyo viputo vikiwa vidogo na vingi ndivyo uchafu unavyopata pa kushika. Hewa ikipungua, hata pampu iwe na nguvu namna gani, utapata povu la kubahatisha.

Fanya hivi. Shusha kwanza kiwango cha maji ndani ya skima kwa kulegeza vali ya kutolea maji. Pampu ikiwa inaendelea kuzunguka, chomoa kizuia sauti kwenye mpira wa hewa, kisha tumbukiza ncha ya mpira kwenye glasi ya maji ya vuguvugu yasiyo na chumvi. Pampu itayavuta yenyewe na chumvi itayeyuka njiani. Rudia tena. Maji hayo ni kidogo, hayatagusa chumvi ya tangi la lita 300. Usiondoke hapo, maana njia ikifunguka hewa inarudi kwa nguvu na povu linaweza kufurika.

Na hicho kizuia sauti kioshe pia. Vumbi na buibui hupenda sana kukaa mle.

Mama Matumbawe

Naunga mkono alichosema Kasa Mzee, ila kwa pampu iliyofanya kazi zaidi ya mwaka bila kufunguliwa, maji ya vuguvugu hayatatosha. Huko kuwaka kwa kubembelezwa kunaonyesha chokaa imeshajenga ndani. Ndugu yangu, ifungue, si kazi ya kutisha.

Kwanza chomoa plagi ukutani. Pampu zenye kontrola (kisanduku cha kuziongozea) huwa na kitufe cha kuisimamisha wakati wa kulisha, na hiyo si kuzima, ikifika muda wake inaamka yenyewe na vidole vyako viko ndani. Chomoa kabisa. Kisha andaa ndoo, toa skima, imwage maji taratibu.

Kofia ya mbele ya pampu huwa inazungushwa kidogo inaachia, au ina skrubu. Ikikataa usilazimishe kwa bisibisi, iloweke kwanza yote kwenye siki ndipo ujaribu tena. Ukishaifungua utaiona impela yenye vijiti vingi kama ni ya skima. Usiivute kwa kushika vijiti, vinakatika. Shika pale chini kwenye kitako chake na uivute ikiwa imenyooka, bila kuilaza upande. Sumaku itakuwa inang'ang'ania, kwa hiyo itatoka kwa kushtuka, na shafti (mhimili wa impela) nyingi ni za seramiki: ngumu kwa msuguano lakini ikipindwa kidogo tu inakatika vipande viwili.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho watu hukipoteza. Shafti inakaa kwenye bushi (vishikizo vidogo) za mpira, moja mbele na moja huko mwisho kabisa kwenye kisima cha sumaku, yaani lile shimo inamokaa sumaku. Ile ya nyuma mara nyingine inabaki ndani, mara nyingine inatoka na shafti na kudondokea kwenye maji machafu. Usimwage maji ya ndoo kabla hujazihesabu.

Dawa yake ni siki nyeupe ya kawaida, changanya nusu kwa nusu na maji ya vuguvugu, tumbukiza impela, kofia na mwili wa pampu. Plagi na kontrola zibaki nje. Utaona viputo vidogo vinapanda kutoka kwenye zile sehemu nyeupe na za zambarau, ni chokaa inayeyuka na kutoa gesi. Viputo vikikoma, ama chokaa imeisha ama siki imechoka. Papasa kwa kidole: pakiwa bado na mkwaruzo, badilisha siki. Kawaida nusu saa hadi saa chache zinatosha.

Baada ya hapo mswaki laini kwa vijiti vya impela, na brashi nyembamba ya chupa kwa ndani ya kisima. Msasa, wembe na brashi ya waya viweke mbali, vinachubua ganda la sumaku. Maji ya moto sana hapana, na spiriti hapana, akriliki ya mwili wa skima inapasuka nyufa ndogondogo. Suuza kwa maji mengi.

Kuhusu samaki, saa chache bila skima haziwadhuru. Skima husaidia pia kuingiza oksijeni majini, kwa hiyo elekeza pampu ya mzunguko juu ili uso wa maji utikisike. Ila kama unawalisha bakteria kwa siki au vodka ili kupunguza naitreti (kemikali itokanayo na uchafu), ruka dozi ya siku hiyo, bakteria hao wanakula oksijeni nyingi.

Ngisi

Mimi siki inanichosha harufu. Natumia klorini ya kufulia na sabuni kidogo ya vyombo, inang'aa haraka. Ukichanganya na hiyo siki si itakuwa na nguvu zaidi?

Mama Matumbawe

Ngisi, tafadhali usifanye hivyo kamwe, na yeyote anayesoma asijaribu. Klorini ya kufulia ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu, na kazi hii watu huifanyia bafuni mlango umefungwa. Kimoja au kingine, siku tofauti, vyombo vimesuuzwa.

Klorini peke yake iliyozimuliwa inaua ute na mwani, lakini chokaa haiigusi, na tatizo la Chewa ni chokaa. Sabuni ndiyo mbaya kuliko vyote kwa skima. Kazi ya sabuni ni kubadilisha uso wa maji, na skima inaishi kwa uso huo huo. Tone likibaki kwenye pembe, kikombe kitafurika mfululizo na hutajua kwa nini.

Fundi Bushi

Kwa wasiopenda harufu ya siki kuna asidi ya sitriki ya unga. Vijiko viwili vya chakula kwa lita ya maji ya vuguvugu, inafanya kazi ileile na haina harufu. Vaa glavu, na isikurukie machoni. Mimi naipendelea kwa sababu unga unakaa kabatini bila kumwagika, lakini aliye na siki asisumbuke kutafuta kingine.

Nirudi kwenye swali la Chewa ambalo naona halijajibiwa: uchafu au uchakavu? Jibu unalipata impela ikiwa mkononi, safi. Angalia mambo haya.

Sumaku iwe laini pande zote. Ukiona ufa, uvimbe, au doa la kahawia kama kutu, hiyo imekwisha, usiirudishe majini. Maji chumvi yameshaingia kwenye chuma na yatatoa metali ambazo matumbawe, konokono na kamba hawavumilii. Sumaku iliyovimba pia inakwaruza kuta za kisima, na ndiyo mojawapo ya sababu za kunguruma.

Shafti itazame kwenye mwanga. Iwe nzima na nyoofu, isiwe na mfereji pale inapozungukia. Kisha irudishe kwenye bushi uisukume pembeni kwa kidole. Kucheza kidogo sana ni kawaida. Ikiyumba mpaka vijiti vinagusa kofia, bushi zimelika, na bushi ni kitu cha kubadilisha bila kununua pampu nzima.

Ukiizungusha kwa mkono itakwenda kwa kurukaruka, usiogope, ni sumaku inatafuta mahali pake.

Kila kitu kikiwa kizima na safi halafu bado ukiwasha inavuma tu, haizunguki na mwili unapata moto, hapo huenda tatizo ni koili (nyaya za umeme zinazoizungusha sumaku). Koili imefungiwa ndani ya plastiki ngumu, haifunguliwi. Hapo tu ndipo yule aliyekuambia ununue nyingine atakuwa sahihi.

Jaribio lifanyie ndani ya ndoo ya maji, usiiwashe kavu hata kwa sekunde chache "nione tu". Maji ndiyo mafuta ya hizo bushi. Na kama ni pampu ya umeme wa AC (ule wa ukutani moja kwa moja), zingatia kwamba baadhi huweza kuwaka zikizunguka kinyume. Inazunguka, inatoa sauti ya kawaida, ila viputo ni vibovu. Chomoa, subiri isimame kabisa, chomeka tena.

Chewa

Wakuu, asanteni sana. Nimefuata mpango wenu kuanzia hewa hadi pampu, narudisha majibu.

Kwenye tundu la hewa kulikuwa na pete ya chumvi nyeupe, katikati imebaki nafasi ya sindano. Maji ya vuguvugu yaliondoa sehemu, iliyobaki imetoka baada ya kulowekwa. Nilipofungua pampu, kofia kwa ndani ilikuwa na ganda la chokaa lenye michirizi ya zambarau, na vijiti vya upande mmoja vimeshikana kwa ute. Kulikuwa na kikonokono kitupu kimebanwa kati ya impela na kofia. Sumaku ni nzima, shafti nzima. Bushi ya nyuma ilibaki kisimani kama alivyosema Mama Matumbawe. Ya mbele imelegea kidogo, ila vijiti havigusi popote.

Pampu sasa inawaka mara moja na haingurumi. Shida mpya: povu limekuwa la majimaji, kikombe kinajaa maji karibu masafi kwa muda mfupi. Nimerudisha uchafu tangini au nimeharibu kitu?

Kasa Mzee

Hujaharibu. Hewa imerudi kama ilivyokuwa mwanzo, lakini vali yako bado iko pale ulipoizoesha wakati tundu limeziba. Fungua vali maji yashuke mpaka povu lianze kuvunjikia chini ya shingo, liache hivyo hadi kesho, kisha pandisha kidogokidogo. Plastiki iliyotoka kuoshwa huchukua muda kupata tena ule utando mwembamba, hasa shingoni. Usiikimbize kila saa, kila ukigusa vali unaanza upya.

Pima pia kina cha maji kwenye sampu pale skima ilipo, ukilinganishe na kilichoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Umetoa skima na maji yake, huenda kiwango kimebadilika. Sentimita mbili zinatosha kuleta mafuriko.

Fundi Bushi

Hiyo bushi ya mbele ndiyo itakayokuamsha usiku siku moja. Agiza seti ya impela na bushi zake sasa hivi wakati pampu inafanya kazi, uiweke akiba. Hakikisha ni ya modeli yako hasa, kwa sababu impela za skima na za kusukuma maji hufanana kwa kitako lakini vichwa vyake ni tofauti.

Kwa konokono, weka kichujio chenye matundu mapana kwenye mdomo wa pampu. Matundu madogo yanaziba na pampu inakosa maji.

Mama Matumbawe

Njia ya hewa ipe maji ya vuguvugu kila wiki mbili, siku unayobadilisha maji. Shingo ya kikombe ifute kila siku mbili tatu, mafuta yakiganda pale povu halipandi. Pampu nzima kwenye siki kila miezi mitatu, au mapema zaidi kama kalisi (madini ya chokaa) na ualkali wa maji yako viko juu, maana chokaa itarudi haraka. Oringi (pete za mpira) za kikombe zipake grisi ya silikoni, isiwe ya mafuta ya petroli, hiyo inazivimbisha.

Chewa

Nimeshusha vali, maji yametulia chini ya shingo na kikombe kimeacha kujaa. Kina cha sampu kilikuwa kimepanda kweli, nimepunguza. Seti ya impela nimeshaiagiza, ikifika nitaleta vipimo vya bushi kwa wenye modeli kama yangu.