Mrejesho: kuhama kwa daktari wa uzazi, kujifungulia nyumbani na mkunga

Niliuliza kama mtu anaweza kuhama kwa daktari bingwa wa uzazi mimba ikiwa imeshakua, ajifungulie nyumbani na mkunga. Ahsanteni mliojibu. Inawezekana, ila mkunga aliyesajiliwa hakupokei mikono mitupu. Anataka nakala za faili: kundi la damu na Rh (chanya au hasi), wingi wa damu, vipimo vya VVU, kaswende na homa ya ini B, na ultrasaundi inayoonyesha kondo limekaa wapi. Kondo likiziba mlango wa kizazi, mjadala umeisha. Mapacha, mtoto aliyetanguliza makalio na kifafa cha mimba au dalili zake navyo ni vya hospitali.

La kumbana nalo mkunga ni damu. Oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, uniti 10 huchomwa kwenye msuli wa mama mara tu mtoto akitoka. Dawa hii hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ikishinda begini juani nguvu hupungua, kizazi hakikazi, damu haikati. Muulize anaibebaje. Awe pia na mfuko na barakoa ya kumpumulisha mtoto, tena awe na msaidizi: mama anavuja damu, mtoto hajalia, mtu mmoja atamshika nani?

Kwa mimba ya kwanza msijidanganye. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2011 ulikuta takriban 45 kati ya 100 waliopanga kujifungulia nyumbani walihamishiwa hospitali. Basi usimuage daktari moja kwa moja. Andikishwa hospitali vilevile, na gari liwe na mafuta.