Kaka anaumwa kiuno na anazidi kushindwa kazi ndogondogo, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Kaka yangu anaumwa kiuno, na ile miezi 3 ambayo madaktari huihesabu kuwa maumivu sugu ilishapita kitambo. Picha ya MRI ilionyesha diski moja ya uti wa mgongo imetokeza kidogo, ila daktari alisema picha kama hiyo huonekana hata kwa watu wasioumwa popote.

Kinachonisumbua ni jinsi anavyozidi kushindwa kufanya mambo. Kiatu kikimdondoka haokoti. Anakisogeza kwa mguu mpaka ukutani, kisha anasubiri mtu apite. Ukimuuliza, anasema akiinama "kitu kitakatika". Usingizi wa shida, amekuwa mkimya, na sasa anawaza kuacha kazi.

Mtu wa fiziotherapia alimjazisha dodoso la Roland-Morris, lile la sentensi 24 la kupima maumivu ya kiuno yanavyomzuia mtu shughuli zake, akapata alama za juu, yaani anazuiwa sana. Akatueleza kuwa hofu ya kusogea, sonona na kutojiamini huchangia sana mtu kushindwa shughuli zake, si ukali wa maumivu peke yake. Mimi namwelewa. Lakini hebu mwambie mtu mzima, tena mkali kama huyu, kwamba ana hofu! Anasikia unamwambia anajifanya.

Waliopitia haya, mlianzaje kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli bila kumlazimisha? Ushauri nasaha uende pamoja na mazoezi, au kimoja kitangulie? Na kazini, aombe majukumu mepesi kwa muda au apumzike kabisa?

Ganzi au udhaifu wa miguu hana, na haja zote anazimudu. Hayo tulishaulizwa hospitali.